Mstari Mmoja

Mjomba Ndelilio huniuliza kila Jumapili
akimenya ndizi, kisu kikimtii kuliko wanawe:
"Hivi wewe unasoma, au umeajiriwa?"
Vyote, mjomba. Anacheka mpaka ganda linamponyoka.
"Mshika mbili..." anaanza,
namalizia mwenyewe. Naijua hiyo
kama namba ya kitambulisho changu kifuani:
mwanagenzi, maabara, sifuri sita moja saba.

Siku nne za kiwanda. Ya tano ya chuo.
Ya sita na ya saba za kulipa madeni ya hizo tano.
Alfajiri, natoka Pasua, Kibo imevua ushungi,
naiona hadi mikunjo; ikifika saa tatu
imeshajifunika, haitaki tena kutazamwa,
nami nimeshainama juu ya bomba la maji.

Nilidhani sayansi ingeniita kwa Kilatini.
Iliniita kwa king'ora cha tanuru
na harufu ya molasi, iliyoganda kwenye nywele
ikanisindikiza hadi chumba cha mtihani.
Msimamizi alinusa, akauliza nani kaleta peremende.

Mwezi wa kwanza niliosha chupa.
Wa pili, niliosha chupa.
Wa tatu nikaruhusiwa kuzijaza.

Wenzangu walioenda Dar walituma picha:
ukumbi, watu mia tatu, mhadhiri mdogo kama kiberiti.
Mimi mwalimu wangu ni mmoja, Mama Nakijwa,
miwani imefungwa uzi, vidole vina makovu
ya tindikali iliyomwagika kabla sijazaliwa.
"Joto kwanza," husema, "utamu baadaye.
Maji ya miwa yakiwa ya moto husema uongo."

Halafu kile kitabu cha vipimo. Wino tu.
"Penseli ni ya watu wanaojiandaa kukana."
Ukikosea hufuti, hupaki rangi nyeupe, huchani.
Unakata mstari mmoja, kosa lisomeke chini yake,
unatia sahihi pembeni, tarehe, saa.

Mwezi wa saba, zamu ya usiku, baridi ya kung'ata masikio.
Mama Nakijwa yuko likizo, kwao Usangi.
Asubuhi nina mtihani wa takwimu.
Mkononi, chupa ya maji ya mfereji,
yale yanayotuaga na kwenda kwenye mashamba ya watu.
Nikaandika: saba nukta mbili.
Jana ilikuwa saba nukta mbili. Na juzi.
Nikavua koti, nikazima taa,
na kabla giza halijakaa sawa nikakiona kipimo:
kofia yake ya mpira bado iko kichwani,
kama mtoto aliyelazwa na viatu.

Hakuna aliyeniona. Nalisema hili
kwa sababu nililisema usiku ule, kwa sauti,
nikisimama mlangoni na begi begani.

Nikawasha taa. Nikakivua kofia, nikakizamisha, nikangoja.
Tano nukta moja.
Nikarudia. Tano nukta moja.
Mhandisi Kirenga aliamka akinitukania usingizi wake,
akashika tochi, akaenda kufunga valvu.
Hakurudi kunishukuru. Alirudi kutafuta chai.

Mtihani nilipata thelathini na nane.
Swali la pili liliuliza
kwa nini vipimo vitatu vinavyofanana mno
vitiliwe shaka. Nililala juu yake, halisi,
mate yakalowesha karatasi.
Nitaurudia Novemba.

Mama Nakijwa aliporudi alifungua kitabu,
kidole kikashuka ukurasa polepole,
kikasimama juu ya ule mstari:
saba nukta mbili, imelala chini yake, inasomeka vizuri,
jina langu pembeni, saa tisa na dakika kumi.
Nikangoja.
Akasafisha miwani kwa ncha ya kanga.
"Hii saba yako," akasema, "inafanana na moja.
Andika vizuri."

Kisha akanisogezea kreti la chupa chafu,
akavuta stuli, akaanza kuosha pamoja nami.